Bwami ya Balega: tumaini la mtu asiyesali

Hapa Bukavu, ukisema mbele ya watu kwamba husali tena, kwanza wanakutazama kama mgonjwa. Halafu mmoja anauliza, kwa sauti ya chini: "Sasa unaishi na nini?" Kaka yangu mkubwa ameulizwa swali hilo mara nyingi. Yeye alikuwa mtu wa kanisa tangu utoto, akaimba katika korali, akafunga ndoa mbele ya padri. Wakati wa vita ya 1998 alipoteza mke na watoto wawili kule kwetu Mwenga. Tangu hapo hakuingia tena kanisani. Hakutukana mtu, hakubishana na mtu. Aliacha tu, sawa vile mtu anavyoacha njia ambayo daraja lake limevunjika.

Watu walingoja aanguke: pombe, ao kujiua, ao kurandaranda ovyo. Hakuanguka. Alipanda michikichi, akalea watoto wa ndugu waliokufa, akawa mtu anayeitwa usiku watu wakigombana. Kuna mhubiri mmoja aliyesema kwa wazi, mbele yangu, kwamba hiyo nguvu yake haiwezi kuwa nguvu nzuri, juu mtu asiye na Mungu hana tumaini, na kama anaonekana kuwa nalo, basi amelipata kwa Shetani. Neno hilo liliniuma. Mimi ni mwalimu wa historia, na ni Mulega. Nikajiuliza: mababu zetu, mbele ya misioni kufika, walikuwa wakipata wapi moyo wa kuishi vizuri? Jibu lake kwa Balega lina jina. Ni Bwami.

Ndugu msomaji, niseme kwanza kitu kimoja ili tusidanganyane. Mulega wa zamani hakuwa mtu asiyeamini kabisa. Alikuwa na jina la Muumba, Kalaga, na aliwakumbuka wafu wake. Alikwenda kwa mganga sawa watu wengine. Lakini Kalaga hakujengewa nyumba, hakuwa na makuhani, hakuwekewa siku ya kuabudiwa. Na katika Bwami yenyewe, ambayo ndiyo ilikuwa shule kubwa ya maisha, kazi haikuwa kuabudu. Daniel Biebuyck, mtaalamu Mubeleji aliyekaa katikati ya Balega katika miaka ya 1950 na kutazama sherehe nyingi, aliandika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1973. Anaita mafundisho ya Bwami falsafa ya maadili. Hakuona humo miungu inayoombwa. Aliona watu wazima wanaofundishana namna ya kuwa mtu.

Inchi ya Balega ni pori kubwa. Ni Mwenga na Shabunda katika Kivu ya Kusini, na Pangi katika Maniema, pande za mito Ulindi na Elila. Watu hawa hawakuwa na mfalme. Kila ukoo ulikaa na wakubwa wake, na kilichounganisha mlima na mlima kilikuwa Bwami. Mwanaume aliyekwisha kutahiriwa, yaani aliyepita katika bwali, aliweza kuingia, awe wa ukoo mkubwa ao mdogo. Ngazi za wanaume ni tano: kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio, na juu kabisa kindi. Wanawake wana ngazi tatu: bombwa, bulonda na bunyamwa. Mwanamke alipanda pamoja na mume wake, na mume hakuweza kufika juu bila yeye. Mke aliyefika bunyamwa aliheshimiwa sawa mkubwa, na ndoa yake haikuvunjwa ovyo ovyo.

Hapa wasomaji wetu wa leo wanaweza kucheka, kwa maana mtu alipanda kwa kulipa. Ni kweli. Ilitakiwa musanga, zile pete ndogo za maganda ya konokono zilizokuwa feza ya Balega, na mbuzi, mafuta, chumvi, nyama ya kuwinda. Lakini tazama namna mali hiyo ilivyopatikana. Mtu mmoja peke yake hakuweza kuikusanya. Ilibidi ndugu za baba walete, wajomba walete, wakwe walete. Na nani anamletea mtu mugomvi? Aliyekuwa mwizi wa wake za watu, ao mchoyo, ao mwenye mdomo mchafu, alijikuta siku ya kukusanya amekaa na kikapu kitupu. Kwa njia hiyo kila mchango ulikuwa kama kura. Miaka kumi ao makumi mawili ilipita kabla mtu hajafika juu, na miaka yote hiyo alikuwa anatazamwa. Wengi hawakufika kamwe. Lakini hata yule wa ngazi ya chini alijua kuna kitu mbele yake, na kwamba kitu hicho hakitaanguka kutoka juu. Kitakuja kwa mikono ya watu anaokaa nao.

Na masomo yenyewe? Hapa ndipo mimi hupenda kukaa muda mrefu. Hakukuwa na kitabu. Kulikuwa na mithali, ngoma, mchezo, na vitu. Vitu vya namna zote: mdomo wa ndege, kucha, fuvu la sokwe, magamba ya kakakuona, jani, kipande cha gome. Mwalimu alikamata kitu, akacheza nacho, akaimba mithali yake, na mwanafunzi akatakiwa kutafuta maana. Kitu kile kile kesho kiliweza kuimbiwa mithali nyingine, na maana ikageuka. Kakakuona, kwa mfano, ni mnyama mwenye heshima sana. Wazee wanasema ndiye aliyefundisha watu kuezeka nyumba, kwani magamba yake yanalaliana sawa majani juu ya paa. Mnyama anafundisha mtu kazi ya kujisitiri. Hakuna muujiza hapo. Kuna jicho linalotazama vizuri.

Kwa ngazi za juu zilikuja sanamu ndogo na nyuso, za mti kwa yananio, za pembe ya tembo ao mfupa kwa kindi. Uso mdogo wa mti wanauita lukwakongo. Ule wa pembe, lukungu. Usifikiri kwamba walivaa nyuso hizo usoni tu. Walizikamata kwa ndevu zake, wakazifunga mkononi, wakazitundika juu ya uzio, wakazipanga kwa safu chini, wakazikokota. Na sanamu ni watu, kila moja na tabia yake. Kuna Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi, anayetazama pande zote. Mtu mwenye akili hatosheki na upande mmoja wa habari. Kuna Wayinda, mwanamke mwenye mimba ambaye uzinzi wake uliharibu nyumba. Kuna Kakinga, binti aliyekuwa mzuri, akapotea kwa tabia yake. Ukizipanga chini zote pamoja, ni kijiji kizima: wazuri na wabaya, wazee na vijana. Mwanafunzi anaambiwa, bila kuambiwa wazi: chagua utakuwa nani katika hawa.

Kuna moja ambayo nataka tuitazame zaidi. Wanaiita kasungalala. Ni mtu aliyesimama, mkono mmoja ao yote miwili imeinuliwa juu. Ukiiona haraka utasema: huyu anasali. Mimi pia nilisema hivyo, nilipoona picha yake kwa mara ya kwanza katika kitabu cha Kizungu, nikiwa mwanafunzi. Baadaye nikajifunza kwamba haombi kitu. Ni mtu anayesimama katikati ya wale wanaopigana, anainua mikono ili waache. Mikono ile haimwiti mtu wa mbinguni. Inawaambia watu wa hapa chini: basi, inatosha.

Kindi alitakiwa kuwa mtu wa namna hiyo. Hakutakiwa kupigana wala kupiga kelele. Alipotokea katikati ya ugomvi, watu walishusha mikuki. Neno la Kilega linalorudi kila mara ni busoga, ambalo ni vigumu kuligeuza: ni uzuri na wema kwa pamoja. Ngozi iliyopakwa mafuta ikang'aa, sauti laini, moyo usio na kisasi, nyumba yenye chakula cha wageni, vyote ni busoga. Ndiyo maana hata sanamu zilipakwa mafuta sawa mtu, hata zikawa nyekundu na laini kwa kushikwa mikononi mwa vizazi. Lakini nisifiche: kuna vipande vya pembe vilivyokunwa kidogo, unga wake ukatiwa katika maji ya mgonjwa. Watu ni watu. Mahali popote penye kitu cha heshima, mtu atajaribu pia kukitumia kama dawa.

Kuhusu kufa. Hilo ndilo swali ambalo mhubiri anapenda kutuuliza, na ni haki yake kuliuliza. Mwana-Bwami alipokufa, vitu vyake viliwekwa kwanza juu ya kaburi. Halafu ndugu mmoja aliyechaguliwa alivichukua na kuvitunza, mpaka siku ambapo mwingine wa ukoo atapanda ngazi ile na kuvipokea. Kwa hiyo uso wa mti ambao kijana anapewa leo ulikuwa wa mjomba wake, na kabla yake wa mtu mwingine, na majina yao yanasemwa. Mtu wa kindi alisumbuka kwa jambo hili: je, nyuma yangu kutakuwa na wa kupokea? Aliwatafuta vijana, akawafundisha, akawasaidia kukusanya musanga. Tumaini lake la baada ya kufa lilitembea kwa miguu katika kijiji, lilikuwa na njaa, lilihitaji kulishwa na kuonywa. Padri Placide Tempels, katika kitabu chake cha 1945 juu ya falsafa ya Kibantu, aliandika kwamba kwa Mubantu kila nguvu inatoka kwa Mungu na kushuka kwa ngazi mpaka kwa mtu. Yeye alikaa Katanga na Baluba, sitaki kumkosoa kwa mambo ya huko. Lakini ngazi ya Balega, ile ya Bwami, nikiitazama, naona mtu anaipanda kutoka chini, akisukumwa na ndugu.

Wageni wa kwanza hawakuelewa, na sababu ziko. Waungwana kutoka pwani, watu wa Tippu Tip na wenzake, walifika Maniema katika nusu ya pili ya karne ya 19 wakitafuta pembe na watu. Kutoka kwao ndiyo tulipata lugha hii ninayoandika, na jina "Warega" ambalo wazungu waliliokota. Kwa mfanyabiashara wa Kasongo, pembe ya tembo ilikuwa uzito wa kupeleka Zanzibar. Kwa kindi, kipande cha pembe kirefu kama kidole kilikuwa somo. Pembe ile ile! Mwaka 1909 Komanda Delhaise, mwanajeshi Mubeleji, alitoa kitabu juu ya "Warega", chenye mambo mengi ya maana. Lakini leta ya koloni haikupenda kitu kinachounganisha watu bila ruhusa yake. Ilitaka mashefu wa medali, kodi, barabara, na watu wa kwenda migodini. Kulikuwa na watu ambao neno lao lilisikiwa kuliko la shefu, na hawakuwa na karatasi yoyote. Wamisionari nao waliona ushenzi, na Mukristo mwana-Bwami aliambiwa achague.

Mwaka 1948 koloni ilivunja Bwami kwa amri. Vitu vingi vikachukuliwa, vingine vikauzwa kwa woga, vingine vikatolewa kwa misioni siku ya ubatizo. Ndiyo sababu leo mtoto wa Shabunda akitaka kuona lukungu, njia ya kumpeleka Tervuren ni rahisi kuliko ya kumpeleka Pangi. (Nasema rahisi kwa mwenye pasi na feza.) Mwaka 2001 makumbusho ya Fowler, kule Los Angeles, ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Balega. Watu wa Marekani walipita mbele ya vioo, wakasoma karatasi ndogo, wakasifu ufundi. Sina chuki nao. Lakini kitu ambacho kiliumbwa kishikwe mkononi na kuimbiwa, ndani ya kioo kimenyamaza.

Hata hivyo amri haikumaliza kila kitu. Wazee waliendelea kukutana porini. Baada ya uhuru wa 1960 watu wakaanza kuinua tena kichwa, halafu ikaja vita ya Mulele ya 1964, halafu zingine. Katika vita ya 1998 tulifika mahali ambapo hakuna fundisho, la kanisa ao la Bwami, lililotosha. Tarehe 24 Agosti 1998, kule Kasika, teritware ya Mwenga, na katika vijiji vya jirani, watu waliuawa kwa mamia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 inasema walipita 1.000. Mwami wa Lwindi aliuawa. Watu waliuawa hata katika parokia. Ninaandika hili ili msomaji aelewe kaka yangu si mtu aliyesoma vitabu vya Kifaransa akaamua kwamba hakuna Mungu. Kuna wasomi wetu walioiacha dini kwa njia ya kusoma na kufikiri. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025, alikuwa mtawa kijana kwa Wabenediktini kabla ya kuacha na kuwa mwandishi. Kaka yangu ni mtu wa jembe. Yeye alinyamaza tu.

Miaka kadhaa baada ya vita tulikwenda pamoja naye Kitutu, kwa mzee mmoja wa mama yetu, mtu wa yananio, mwenye zaidi ya miaka themanini. Nilikuwa na daftari na maswali niliyoyapanga vizuri sana. La kwanza: Je, wana-Bwami waliamini nini juu ya Mungu? Mzee alitafuna kidogo, akanijibu kwa Kiswahili chetu cha nyumbani:

"Mutoto wangu, weye unauliza juu ya Mungu. Siye tulikuwa tunauliza juu ya mutu. Mungu, yeye iko. Ao haiko. Ile ni mambo yake. Lakini mutu akikuwa mubaya, ile ni mambo yetu siye wote."

Nikaandika. Kaka yangu, ambaye hakuwa amesema kitu tangu tufike, ndiye aliyeuliza la pili: "Na mutu akipoteza wote, muzee? Wa kupokea hakuna tena. Bwami inamuambia nini?"

Mzee alikaa kimya muda mrefu, hata nikafikiri amesinzia. Kisha akamuuliza kama yeye ndiye wanayemwita usiku, kule mtaani, watu wakipigana. Kaka akasema ndiyo. Akamuuliza watoto wale anaolea ni wa nani. Kaka akataja majina, mmoja mmoja, na wazazi wao. Mzee akawa anarudilia kila jina nyuma yake, polepole, sawa mtu anayehesabu musanga. Alipomaliza hakutoa hotuba. Alimuita mjukuu, akaleta kikapu cha zamani, akatoa kitu kimeviringwa katika ngozi, akakiweka katika kiganja cha kaka yangu. Sikuonyeshwa vizuri, niliona tu kwamba ni kidogo na kinang'aa. Kaka alikishika, pengine kwa dakika moja. Halafu mzee akakichukua, akakipaka mafuta kwa kidole, akakirudisha ndani.

Wako watakaosema: mwalimu, unataka tuache makanisa turudi porini? Hapana. Mke wangu anasali, watoto wangu wamebatizwa, na siku za jumapili mimi ndiye ninayewapeleka. Wengine watasema kwamba Bwami ilikuwa na watu wenye choyo, waliopanda kwa mali na si kwa tabia. Walikuwako, na ndiyo maana kulikuwa na mithali nyingi za kuwacheka. Mimi ninachokataa ni lile neno la mhubiri, kwamba mtu asiyesali lazima awe mtupu. Kwa karne nyingi katika misitu ya Ulindi watu walijenga amani, wakazika wafu wao kwa heshima, wakalea yatima, wakavumilia njaa na vita, na shule yao ya kufanya hayo haikuwa na sala ndani yake.

Tulipoaga, nilimuomba mzee anieleze angalau mithali ya kile kitu alichomshikisha kaka yangu. Akacheka, akaniuliza nimeleta mbuzi ngapi. Nikasema nimeleta sukari na sabuni.

"Basi," akasema, "ulisikia paka ya inje. Andika ile."

Kaka yangu hajaniambia mpaka leo. Michikichi yake imeanza kuzaa, na mafuta ya kwanza alipeleka Kitutu.